Ng'ombe wa Pili

Nianze na upuuzi wenyewe, maana mkiusikia kwa mtu mwingine atautia chumvi, na chumvi tayari iko ya kutosha. Niliandika juu ya tangazo la ndoa ya wazazi wangu. Tangazo la Serikali, lenye muhuri, limebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya komini, yaani serikali yetu ya wilaya, hapa Gitega, kila mpita njia alisome. Nilichukua ile kalamu nene nyeusi ya kuandikia makatoni, nikaandika chini ya majina yao kwa herufi kubwa: NAPINGA. NG'OMBE WA PILI HAJAFIKA. Nikatia sahihi: Baba wa bibi harusi. Halafu nikapiga picha, nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu, nikaenda darasani kusubiri sifa.

Baba wa bibi harusi, yaani babu yangu mzaa mama, amelala kaburini Mutaho tangu mimi sijaota meno.

Najua mnajiuliza mtoto wa sekondari anaonaje tangazo la ndoa ya wazazi wake. Ni hivi. Wazazi wangu walioana zamani, mbele ya shehe na mbele ya ng'ombe. Mama ni mtoto wa wakulima wa Mutaho, watu wa kanisa. Baba ni mtu wa Muyinga, familia ya Waislamu wafanyabiashara. Mama akasilimu, nikaha ikafungwa. Kwa upande wa Mutaho ndugu zake Baba wakapeleka inkwano, ile mahari ya Kirundi, kwa sababu pale shehe hata asome mpaka sauti ikauke, bila ng'ombe hakuna aliyeoa. Siku hiyo upande mmoja ulikunywa fanta, upande mwingine pombe ya ndizi, na kila upande ukaona mwingine unajinyima raha.

Komini tu ndiko hawakwenda. Baba alisema komini ni ya watu wanaotafuta karatasi. Yeye alikuwa fundi cherehani, mashine yake iko barazani kwetu, na kazi iliyompa jina mjini ilikuwa kushona suti za mabwana harusi wanaokwenda kusaini komini. Amewavalisha sijui wangapi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka ule mlango.

Halafu tumbo lake likaanza kujaa maji. Daktari alisema ini. Alisema pia maneno mengine kwa Kifaransa, taratibu, huku akimtazama Mama na si Baba, na hapo tukajua.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jirani, mama mmoja mpole, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mume wake alipofariki, mashemeji walikuja wakamtolea godoro nje, masufuria nje, na mtungi wa maji nje, ukiwa bado na maji. Alikwenda kushtaki. Wakamuuliza cheti cha ndoa. Hakuwa nacho. Wakamwambia pole. Mama yangu ndiye aliyemsaidia kubeba godoro. Tangu siku ile kila alipopita uani alikuwa akiangalia nyumba yetu kama mtu anayeangalia mzigo ulio juu ya gari la mtu mwingine.

Baba aliiona hiyo. Kitandani hospitali, mguu umevimba kama mto wa kulalia, akasema, "Mama watoto, twende komini."

"Utakwenda na mguu gani?"

"Basi komini ije hapa. Mimi ni bwana harusi, nasubiriwa."

Komini ilikubali kuja. Etasivili, ndivyo tunavyomwita ofisa anayeandikisha ndoa na vifo, alisema atabeba daftari lake mpaka kitandani, lakini kwanza tangazo likae ukutani siku zinazotakiwa, kama mtu ana neno alilete. Sheria ndiyo hiyo. Mama akarudi mbio barazani, akatoa suti ya kijivu ambayo mteja mmoja hakuwahi kuja kuichukua, akaanza kuipunguza mabega na mikono ili imkae Baba. Alikuwa anakonda kila upande isipokuwa tumboni. Mama akipunguza leo, wiki nyingine anapunguza tena.

Basi, tangazo likabandikwa. Na ule ubao uko kwenye njia ya shule yetu.

"E, sha! Baba yako anaoa!" mmoja akapiga kelele mbele ya darasa zima.

"Anaoa nani?"

"Anaoa mama yako! Félicitations! Kumbe we ulizaliwa mbele ya harusi!"

"Mwana wa union libre!" mwingine akadakia, yaani wa waliokaa pamoja bila ndoa, na hilo likawa jina langu mpaka mapumziko. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa katekista, aliniuliza kwa upole kabisa kama nimealikwa.

Mimi darasani kazi yangu ni moja. Nachekesha watu kabla hawajanicheka. Ndiyo biashara yangu, na sina nyingine, hesabu hazinipendi. Nikajua mzaha mdogo hautatosha. Nikachukua mzaha wa Baba.

Maana ule wa ng'ombe wa pili haukuwa wangu. Ulikuwa wa nyumbani. Kila Idi, Mama akimnyima Baba nyama ya pili, Baba anatugeukia sisi watoto na uso wa huzuni: "Mnajua huyu mama yenu nilimtoa nusu? Ng'ombe moja ilienda Mutaho, ya pili iko njiani mpaka leo. Donc kutoka kichwa mpaka kiuno iko yangu. Miguu bado iko ya baba yake. Ndiyo maana akikasirika, kichwa kinabaki hapa, miguu inataka kwenda."

Sisi tunacheka mpaka tunapaliwa. Mama hacheki. Anasema, "Kula chakula." Hata siku moja sijawahi kumsikia Mama akifanya mzaha. Nyumba yetu ilikuwa imegawana kazi: Baba na mimi tunatania, Mama anashona vifungo.

Na ukweli ni kwamba ng'ombe wa pili hakufika kweli, ila hapakuwa na ubaya wowote. Babu mwenyewe ndiye aliyesema muacheni kwanza. Alitaka pawe na sababu ya watu wa Muyinga kurudi siku moja Mutaho, wakae, wanywe, waulizane habari za watoto. Ilikuwa heshima. Kisha akafa, na ng'ombe akabaki kuwa mzaha wa Idi.

Nilipata sifa zangu. Darasa lilicheka, stetasi ilicheka, hata mwalimu wa Kifaransa alijificha nyuma ya kitabu. Jina la union libre likafa siku ile ile. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake Mama aliniambia nimsindikize komini, anataka kujua siku ya ndoa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilishika mwavuli. Tulipofika kwenye ubao, Mama akasimama. Akasoma. Mama husoma polepole, midomo inatembea. Nikaona midomo inafika mwisho, inarudi mwanzo, inasoma tena. Alitoka chini ya mwavuli akaingia ofisini.

Etasivili alikuwa ameshaliona. "Mama, baba yako iko wapi?"

"Mutaho."

"Aje hapa aeleze."

"Iko kaburini, chef."

Yule mtu akavua miwani. "Mais sasa nani amepinga?"

Mama akanigeukia. Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka shingoni mwake. Anajua mwandiko wangu vizuri. Ndiye anayesaini ripoti zangu zote za shule, mbaya na mbaya zaidi.

"Mimi, chef," nikasema. "Nilikuwa natania."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinieleza kama mwalimu mwenye huruma. Sheria ya nchi haiulizi ng'ombe, alisema. Ng'ombe awe mmoja, wawe ishirini, asiwepo kabisa, mbele ya daftari hili ni sawasawa. Tatizo si ng'ombe. Tatizo ni kwamba tangazo limeharibiwa na limeandikwa pingamizi, watu wamelisoma, picha imetembea. Hawezi kufungisha ndoa juu yake halafu kesho familia ije kusema tulipinga, hamkutusikia. "Nitabandika ingine mupya. Siku zitaanza upya. Na mama, tafuta mtu mukubwa wa upande wa bwana, maana hao ndiyo wanadaiwa ng'ombe, aje aseme mbele yangu kama hakuna neno."

"Mgonjwa hana siku, chef."

"Najua, mama. Kuna njia ya kuomba parke ikusamehe siku. Andika ombi, nitalipeleka mwenyewe."

Mama aliandika, tulisaini, etasivili akalipeleka parke, kwa waendesha mashtaka wa Serikali. Ombi hilo mpaka leo liko kwenye meza fulani, na kila tulipouliza, mwenye meza alikuwa mkutanoni.

Mtu mkubwa wa upande wa bwana ni mmoja tu: baba mkubwa wa Muyinga, kaka yake Baba. Ndiye aliyepeleka inkwano ile siku. Shehe aliyefunga nikaha alihamia Tanzania, na mashahidi wengine ni marehemu. Kwa hiyo Mama na mimi tukaenda Muyinga. Njia nzima hakunisemesha. Nilijaribu kumwonyesha mbuzi aliyepanda juu ya paa la duka. Akatazama upande mwingine.

Baba mkubwa ana duka la magodoro na sabuni karibu na soko, mali nyingi inatoka Tanzania. Ni mtu wa heshima, sauti ya chini, tasbihi haitoki mkononi. Zamani tukifika anamwita Mama "mke wetu". Mke wetu, karibu. Mke wetu, umekonda. Siku ile alisema:

"Karibu, mama wa watoto."

Mama alisita kidogo kabla ya kukaa. Akaeleza yote, macho chini, mikono miwili juu ya magoti. Baba mkubwa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu, akapekua, akanigeuzia. Picha yangu. Binamu yangu alikuwa amemwonyesha.

"Hii mwandiko iko yako?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Uko na mwandiko mzuri."

"Ilikuwa mzaha."

"Labda. Mais ukuta wa Serikali umeshasema, mwanangu. Mi ni nani niende kusema tofauti?"

Mama akainua macho. "Shemeji, we ndiye ulileta ng'ombe kwa baba. We ndiye ulisema ya pili inakuja. Na baba akajibu mbele yako, acheni ibaki kwanza. Ulikuwepo."

"Ng'ombe nakumbuka," akasema baba mkubwa, kwa upole ule ule. "Ilikuwa nyekundu, iko na doa kwa paji. Maneno ya baba yako sikumbuki, mama wa watoto."

Godoro moja lilikuwa limeegemea mlango, bado limevikwa plastiki. Mama alilikodolea macho. Halafu akasema neno ambalo sijawahi kufikiri mtu anaweza kulisema.

"Basi nitauza mashine, nitanunua hiyo ng'ombe mwenyewe, niipeleke Mutaho kwa kaka zangu. Iwe imefika. Halafu utakuja?"

Baba mkubwa akashtuka kweli, kama kamwona mtu anavua nguo sokoni. "Astaghafirullah. Mwanamke hajitolei inkwano. Itakuwa amejioa?"

"Baba mkubwa," nikaingilia, maana mdomo wangu haujui kukaa, "mnipeleke mimi Mutaho badala ya ng'ombe. Nitakula majani. Nitatoa na maziwa nikijaribu."

Hakuna aliyecheka. Mteja aliyekuwa anachagua sabuni aliangalia chini. Mara ya kwanza maishani nilisikia mzaha wangu mwenyewe ukianguka sakafuni, na sikuwa na mahali pa kuuokotea.

"Nitakuja Gitega kumwona ndugu yangu," baba mkubwa akamaliza. "Ya komini tutaona."

Tulirudi. Hospitali Baba alituuliza kabla hatujakaa. "Kasema nini?"

"Anakuja," Mama akasema, akatoka kwenda kusafisha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Baba akanigeukia. Macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. "Haya, fundi wa maneno. We sema."

Nikamweleza. Ubao, kalamu, stetasi, mvua, Muyinga. Nilitegemea anilaani, nilitaka anilaani. Alianza kucheka. Alicheka bila sauti, tumbo kubwa linapanda na kushuka, machozi yanashuka mpaka masikioni, mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi akidhani anakata roho.

"Umeniibia mzaha wangu," akasema alipopata pumzi. "Na hata jina langu hukuandika."

"Nisamehe, Baba."

"Yule marehemu wa Mutaho, ungemwona! Alikuwa hajui hata kuandika." Akacheka tena kidogo, kisha kicheko kikakatika katikati. Akanishika mkono. "Mwana wangu. Ile kitu tulikuwa tunasema nyumbani, kwa sinia. Kwa sinia, unasikia? Nje ya sinia inakuwa kitu ingine."

Tangazo jipya likabandikwa. Nilikuwa nikipita kulikagua kila siku, asubuhi na jioni, nikawa mlinzi wake. Kijana mmoja alilisogelea na kalamu mfukoni nikamkunja shati, kumbe anatafuta jina la dada yake. Hospitali, Baba alikuwa akifanya mazoezi ya kusema "ndiyo". Alisema lazima iwe na sauti, isije ikasemekana bwana harusi alikoroma tu. "Ndiyo," anasema. "Mama watoto, imetoka vizuri?" Mama, anashona mabega ya suti, anajibu, "Imetoka." Siku nyingine ilitoka hewa tupu. Mama alijibu vile vile.

Baba alikufa mchana, siku za tangazo hazijaisha, baba mkubwa hajafika. Tulimzika siku ile ile, kwa sanda nyeupe, kama tunavyozika. Suti ikabaki kwenye msumari.

Mama alipokwenda kuandikisha kifo, etasivili yule yule alishika kalamu muda mrefu. Hali ya marehemu, karatasi inauliza: ameoa au hajaoa. Alimtazama Mama, akatazama karatasi, akaandika célibataire. Baba yangu, mtu aliyekuwa na watoto wanne, aliyenyimwa nyama ya pili Idi zote hizo, amekufa kijana asiyeoa. Ningekuwa bado mimi yule, mzaha huo ungenitosha mwaka mzima.

Baada ya khitma baba mkubwa alikaa barazani na wazee wawili aliokuja nao kutoka Muyinga. Mama alikuwa ndani, kwenye eda, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu. Asubuhi hiyo baba mkubwa alikuwa ameniambia nivae suti ya kijivu, kwa sababu mimi ndiye mwana mkubwa wa kiume. Ilinikaa barabara. Mama alikuwa ameipunguza mpaka imekuwa ya kijana.

Shehe wa mtaa wetu alijaribu. Alisema kwa dini mjane ana fungu lake, nikaha ilikuwepo, watu wanajua.

"Shehe, ya dini tutaongea kidini," baba mkubwa akajibu. "Leo tunaongea ya familia."

Jirani mmoja akasema basi twende komini. Baba mkubwa akatoa nakala ya cheti cha kifo, akaiweka juu ya mashine ya Baba, akapiga kidole pale penye neno lile. "Komini imeshasema. Hakuna mke. Na kwa mila yetu, ng'ombe ilibaki. Mwenyewe aliandika." Akanionyesha mimi. "Si ndiyo?"

"Nilitania," nikasema.

"Mzaha au si mzaha. Ng'ombe ya pili ilifika?"

Watu wote barazani wakanitazama. Nilitafuta neno. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, hata mbele ya mkuu wa shule na fimbo yake.

"Haikufika," nikasema.

Baba mkubwa akaniwekea mkono begani, juu ya kitambaa ambacho Mama alikishona. Akatangaza kwamba watoto ni damu yao, hakuna atakayewafukuza, yeye si kama wale mashemeji wa muuza ndagala. Nyumba ni ya huyu kijana. Yeye atamshikia mpaka awe mtu mzima. Mama yake atakaa mpaka eda iishe. Baada ya hapo, kama atabaki au atarudi kwa kaka zake Mutaho, mwenye nyumba na wakubwa zake watasema. Wazee wakaitikia. Wakasoma dua. Wakala wali, wakaondoka na gari la Muyinga.

Nilibaki nimesimama mlangoni. Sikujua niingie au nitoke. Suti ilikuwa imenitia jasho na sikutaka kuivua mbele ya watu, ingawa hapakuwa na watu tena, mashine tu, na vijiti vya uzi vimepangwa kwa rangi kama Baba alivyoviacha. Nikageuka nimwambie Mama kitu. Kwamba nyumba si yangu. Kwamba nitakwenda Muyinga, Mutaho, parke, nitabandika tangazo jingine kwa mikono yangu. Kwamba nitanunua ng'ombe.

Pazia likasogea. Akatoka na beseni la sahani za wageni, limemfunika mpaka kidevuni, kitambaa cheupe cha eda kichwani. Alifika mlangoni akakuta nimeuziba mlango wote. Akasimama mbele yangu. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliangalia ile suti, kutoka mabegani mpaka chini kwenye pindo, kama fundi anayekagua kazi yake. Halafu akasema:

"Mwenye nyumba, sogea kidogo. Nusu yangu inataka kupita."